Simama Pale Pale: Kupiga Picha Bustani ya Kikundi



Msimu uliopita tulikaa na akina mama wa kikundi kimoja, wakibishana juu ya bustani yao ya mboga. Wengine walisema matandazo, yaani yale majani makavu ya kufunika udongo, yamesaidia. Wengine wakasema ni kazi bure, afadhali wapewe ng'ombe. Haya, tukasema, tuangalie picha. Zilikuwa nyingi kwenye simu ya katibu, lakini hazikusaidia kitu! Moja ilipigwa mlangoni asubuhi, nyingine chini ya mwembe saa sita, na katika zote watu wamejipanga mbele ya sukuma wiki. Kosa lilikuwa letu. Tuliwafundisha kupiga picha, hatukuwaonyesha pa kusimama.

Basi tukaanza upya pamoja. Tulipigilia vigingi viwili vya mti mgumu: kimoja pa kusimama, cha pili katikati ya bustani. Cha kwanza kiwe kirefu, kikufikie kifuani, na simu iegemee juu yake ikiwa imelazwa kwa upana. Kigingi cha pili kikae katikati ya picha. Usivute picha karibu kwa vidole; ukivuta leo na mwezi ujao usivute, hutaweza kulinganisha. Sisi tulichagua saa tatu asubuhi, kwa hivyo kigingi cha kusimama kiko upande wa mashariki, jua liwe mgongoni. Chomeka fimbo ya mita moja ili urefu wa mimea uonekane, na tarehe uiandike kwenye kibao. (Watu watapigwa yao baadaye, watabasamu wapendavyo.) Halafu chapisha picha ya kwanza uwe nayo mkononi kila unapopiga nyingine, uone kama mwembe na paa la nyuma vimekaa pale pale.

Njia hii si ngeni hapa Kenya. Mwaka 1937 vilima vya Machakos vilipigwa picha vikiwa vimeliwa na mmomonyoko. Mwaka 1991 watafiti walirudi mahali pale pale, wakakuta matuta na miti, ingawa watu walikuwa wameongezeka sana. Bila zile picha za kwanza, nani angeamini?

Picha ya tatu ya kikundi ilileta maneno. Katikati sukuma zimenona, lakini kona ya chini tuta la fanya juu limebomoka na maji yamechimba mfereji. Mama mmoja akasema tusogeze kigingi kidogo tu, wageni wasione. Tulikataa, na siku hiyo hatukupendwa. Jumamosi iliyofuata walikuja wanane na majembe.

Kuhusu matandazo, wameacha sehemu moja wazi, na ubishi bado unaendelea.

Katika mkutano wenu ujao jadilini: kigingi chenu kitasimama wapi, nani atatunza picha ya kwanza, na ni kona gani mngependa isionekane?