SOMO: KUTU NA KINGA YA BABA



Kutu ni nini? Chuma kikipata maji na hewa pamoja, kinageuka unga mwekundu. Unga ule unaanguka, na kutu inaendelea kula ndani. Chumvi inaharakisha kazi hiyo. Sisi wa Malemba-Nkulu tunabeba samaki wa chumvi juu ya kinga; basi tusishangae.

Namna ya kutengeneza kinga ya zamani bila feza nyingi (hata motokari ni vile vile):

1. Fungua yote. Gonga kadre polepole kwa nyundo. Pakibonyea, pamekwisha kuliwa: peleka kwa fundi wa kuunga chuma. Rangi haiponyeshi tundu, inalificha tu.

2. Sugua kwa brosi ya waya.

3. Kutu iliyobaki, pakaa maji ya ndimu, ngoja saa chache. Osha, kausha upesi.

4. Siku ile ile pakaa rangi. Mnyororo utie mafuta.

Kinga ile ndiyo inalipa minerval. Ikikatika njiani na mzigo, mutu anaanguka, na mwaka wa masomo pia.

Ulizo: Juu ya nini msumari uliolala ndani ya mafuta haushiki kutu?