Mafunzo ya Watoto Wadogo Majumbani

Katika darasa yetu ya hapa Waithaka tumeulizwa mara nyingi na jamaa zetu wa pwani waliopanga vyumba huku bara: mtoto wa miaka mitatu au minne afunzwe nini, na ni nani wa kumfunza? Wengine hufanya haraka kumtia kalamu mkononi na kumlipia mwalimu wa jioni. Wengine humpa simu ili anyamaze. Na wako wanaume wasemao: mke wangu hakusoma, hawezi kumfunza mtoto. Neno hili twalikataa kabisa.

Mtume wetu (s.a.w.) ameagiza watoto waamrishwe Swala wafikapo miaka saba. Kabla ya hapo ni wakati wa kuona, kushika na kuiga. Naye mwenyewe alipomwona Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas, amehuzunika kwa kufiwa na kijidege chake, alimuuliza habari za ndege yule. Mbora wa walimu alianza na kile alichokijua mtoto.

Basi mama na aanze na mahindi na maharagwe ayachaguayo kwa chakula cha jioni. Ayachanganye kidogo katika sinia, mtoto atenge mahindi kando na maharagwe kando, kisha aulizwe yapi ni mengi. Akihesabu, aguse punje moja moja, kwani watoto wengi huimba mpaka kumi na kidole hakifuati. Akikosea asikaripiwe, na aanze tena.

Herufi nazo zimo humo humo siniani. Uzi ulazwe upindwe kama mashua: haragwe moja likiwekwa chini ni be, mawili juu ni te, matatu juu ni the. Mtoto ahamishe mwenyewe. Herufi tatu kwa uzi mmoja, wala fimbo haikuonekana!

Katika udhu pia, amwonapo baba akiosha mkono wa kulia mara tatu, kisha wa kushoto, hujifunza hesabu na pande za mwili wake. Na usiku ategewe vitendawili. Watoto wetu huku husikia Kikuyu kwa jirani na Sheng barabarani, na hatusemi kuwa ni vibaya. Lakini asipokijua Kiswahili cha nyumbani, atazungumza nini na nyanya yake akienda Mombasa mwezi wa Disemba?

Wala mambo haya si mageni kwetu. Katika miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, aliwafunza wanawake wa mitaani kuwa walimu wa watoto wadogo, dini ikienda pamoja na michezo, na vifaa vikitengenezwa kwa vitu vya hapo hapo. Kazi hiyo ikafika Zanzibar na Uganda. Wanawake wale hawakungoja kuletewa vitu vya dukani.

Aliye chini ya miaka mitatu asipewe punje, kwani huzitia puani na mdomoni. Yeye apewe vijiko na vikombe vya plastiki. Jiko la makaa liwe mbali. Robo saa kwa siku yatosha. Mtoto akichoka, mahindi na maharagwe yaoshwe yatiwe chunguni.