Unauza mbuzi mtandaoni? Mtunze mpaka afike kwa mteja

Wiki hii inboksi imejaa swali moja kutoka kwa wanaouza mbuzi kupitia stetasi ya WhatsApp, kama ninavyofanya mimi hapa Mbinga: mteja kashatuma hela, mbuzi kafika kalegea, siku ya pili kafa. Nani anabeba hasara? Kwangu mimi, muuzaji. Mteja hakununua picha. Kwa hiyo leo tuongelee zile siku kati ya kuposti na kukabidhi, maana hapo ndipo hela inapopotea.

Banda kwanza. Huku milimani baridi ipo, lakini kinachommaliza mbuzi zaidi ni kulala kwenye unyevu na mkojo wake. Inua sakafu kwa mbao, acha nafasi ndogo za kupitisha kinyesi bila kunasa kwato. Samadi inayodondoka peleka kwenye kahawa, au iuze nayo. Na usimtenge mmoja peke yake kabisa, mbuzi ni mnyama wa kundi. Akiwa mwenyewe analia kutwa na kula hali vizuri.

Sasa wewe unayenunua vijijini na kuuza kesho yake, sikiliza. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwetu mwaka 2008, na mpaka leo haina dawa ya kuiponya. Mbuzi anaweza kuonekana mzima siku unayomnunua, siku chache baadaye makamasi, vidonda mdomoni, homa, kuhara. Ukishamchanganya na wengine, umewaambukiza wote, na wa mteja pia. Wageni wakae banda lao wiki tatu, na vyombo vyao vya maji viwe vyao. Chanjo ipo, na dozi moja inamlinda mbuzi kwa takribani miaka mitatu. Muulize afisa mifugo wa kata, na yeye ndiye wa kumwona kuhusu kibali cha kusafirisha. Mbuzi aliyechanjwa mimi namwandika hivyo kwenye tangazo, na bei naiongeza bila aibu.

Minyoo nayo usiikisie. Vuta kope ya chini uangalie ndani: ikiwa nyekundu au ya waridi iliyokolea, sawa. Ikiwa imepauka kama karatasi, huyo hana damu, usimtoe. Hii iweke hata kwenye video yako, pamoja na meno na mbuzi akitembea. Video ya namna hiyo inafunga maswali kumi ya mteja.

Kuna mchezo siupendi, wa kumshindilia mbuzi mahindi na pumba jioni ili asubuhi tumbo lionekane limejaa. Mbuzi asiyezoea nafaka, tumbo linachachuka na kuwa na asidi, anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpe majani na maji, basi.

Halafu safari. Kutoka hapa kwenda Mbamba Bay ni kama kilomita 66, lakini unashuka kutoka kwenye baridi yetu, juu ya mita 1,000, mpaka ziwani ambako ni chini ya mita 500 na joto lake mnalijua. Toka alfajiri. Na tafadhali, habari ya kumfunga miguu yote minne na kumlaza ubavu juu ya bodaboda tuiache. Mbuzi anacheua, na gesi ya tumboni lazima aiteue. Akilazwa ubavu au chali muda mrefu gesi haitoki, tumbo linavimba na kubana mapafu. Huyo ndiye anayefika amelegea, na wewe unadhani mteja anakusingizia. Asafiri amesimama au amekaa kifudifudi, kwenye bajaji ya mizigo au kirikuu, sakafu yenye nyasi ili asiteleze. Mwenye mimba ya mwezi wa mwisho (mbuzi anabeba siku kama 150) asubiri azae. Mwambie mteja ukweli, wengi wanakubali.

Mwisho, funga mzigo wa majani aliyozoea, wa siku mbili, umpe mteja abadilishe chakula taratibu. Na siku ya tatu mpigie simu umuulize kama mbuzi anacheua.