Serikali na Maana ya Ndoa

Swali: Ikiwa ndoa hufungwa msikitini, kanisani au mbele ya wazee wa ukoo, serikali ina sababu gani ya kuieleza katika sheria?

Jibu: Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 haikuzinyang'anya dini na mila nafasi ya kufungisha ndoa, bali iliziweka chini ya maana moja, yaani muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maishani mwao, uwe wa mke mmoja au wa wake wengi. Umuhimu wa maana hiyo huonekana zaidi ndoa inapovunjika kuliko inapofungwa, kwa sababu ni mahakama inayogawa mali, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuipata mali hiyo. Sheria hiyo pia ina dhana ya ndoa, ambayo kwayo walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kujulikana kuwa mume na mke huhesabiwa wanandoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Hata hivyo, serikali nayo hukosea: sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na ni mwaka 2019 tu ambapo Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba ruhusa hiyo inapingana na Katiba. Kosa hilo lilidai kurekebishwa kwa sheria, wala si kuiondoa serikali katika ndoa.