Somo la Miguu ya Mama: Kuzungusha Pedali Nyumbani

Mama mpendwa, mtoto wako angali anangoja mizani. Sasa angalia miguu yako mwenyewe. Imetembea toka shamba, imebeba mihogo na kuni, tena tumbo au mtoto mgongoni. Jioni inauma na kuwa mizito. Watu nyumbani wanakuambia: "Lala tu, usijigeuze." Kulala ni kuzuri, na usingizi hauna dawa ya kuushinda. Lakini kulala bila kujongeza miguu hata kidogo, hasa siku zile za kwanza baada ya kuzaa, si kupumzika kwa kweli.

Sababu ni hii. Moyo unasukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu. Kuirudisha juu ni kazi nyingine, na hapo kigimbi kinasaidia. Kila mara unapokunja mguu, kigimbi kinaikamua mishipa na damu inapanda. Mguu ukikaa kimya muda mrefu, damu inatembea polepole, na mara nyingine inaganda ndani ya mshipa. Mama mwenye mimba, na zaidi mama aliyezaa katika majuma 6 ya kwanza, damu yake inaganda upesi kuliko ya watu wengine. Mungu ameiweka hivyo ili tusimalize damu wakati wa kuzaa, lakini ina hatari yake. Kipande kilichoganda kinaweza kutoka mguuni na kufika kwenye mapafu, na mama anaweza kufa.

Basi anza kitandani. Siku ile ile uliyozaa, hata kama umepasuliwa tumbo, fanya kama unakanyaga pedali kwa wayo tu: sukuma vidole chini, halafu uvivute juu kuelekea kwako. Mara 10 kila mguu, na tena kila saa ukiwa macho. Mganga akikuruhusu, simama na utembee kidogo. Baada ya siku chache, ukilala chali, telezesha kisigino juu ya mkeka mpaka goti likunjike, rudisha, fanya mguu mwingine. Usiinue miguu yote miwili hewani kama vijana wa mpira wanavyofanya. Tumbo lako halijafunga bado, utaliumiza bure.

Sasa tuje kwenye kinga yenyewe. Hapa Yangambi nani asiyeijua? Kisangani ni kama kilometa 100, na wakati wa vita, motokari zilipokosekana, kinga ndizo zilizobeba mchele, mawese na wagonjwa. Mjini walizipa jina la toleka, maana yake katika Lingala ni "tupite". Siku hizi pikipiki zimezifukuza barabarani, lakini nyumba nyingi zingali na kinga moja ukutani. Hiyo inatosha.

Ngoja majuma 6 kwanza. Uwe umepimwa, kidonda kimepona, na damu imekatika. Kinga ya baba ina chuma cha juu. Kukipita mguu mmoja wakati nyuzi hazijapona ni kujitafutia mateso, basi hata hapo panda juu ya kiti kidogo, usiruke. Weka kinga chini ya baraza kwenye mguu wake wa nyuma wenye chuma mbili, gurudumu la nyuma lisiguse udongo. Funga usukani kwenye nguzo, tena mtu akushikie mara za kwanza. Mguu wa kusimamishia ulio dhaifu usiuamini.

Halafu fukuza watoto. Nasema kwa ukali kabisa. Gurudumu lisilo na mzigo linaendelea kuzunguka hata ukiacha kukanyaga, na mnyororo hauulizi kidole ni cha nani. Kikwembe chako nacho kikunje juu na kukifunga, vaa suruali ndani.

Pima kiti: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kujivuta. Kama goti limekunjika sana, inua kiti, maana kiti cha chini ndicho kinachoumiza magoti ya wengi. Wakati wa kuzungusha, usikanyage kwa kisigino wala kwa katikati ya wayo. Kanyaga kwa ule unene ulio nyuma ya vidole. Magoti yaangalie mbele, yasipanuke kama ya chura.

Wengi wetu tunakanyaga vibaya bila kujua. Tunasukuma kwa mguu mmoja, na ule mwingine unalala juu ya pedali yake. Kumbe mguu unaolala unazuia pedali isipande, na mwenzake anaubeba kama mzigo. Ufanye mwepesi ule unaopanda. Sikiliza mnyororo: ukilia kwa vishindo, unasukuma kwa nguvu halafu unaacha, ukivuma sawasawa, umepata. Mzunguko mmoja kwa sekunde moja unatosha. Dakika 10, jioni, ukiweza kuzungumza na jirani bila kuhema. Ukihema, umezidisha. Kazi hii si ya kukutia nguvu, shamba limekwisha kukupa hiyo. Ni ya kulegeza miguu.

Utauliza, "Maziwa hayataharibika?" Hapana. Nyonyesha kwanza ili matiti yasiwe mazito, kunywa maji, basi.

Lakini kuna mama ambaye hafai kupanda. Ukiwa na viganja na macho meupe, na moyo unapiga mbio kwa kupanda kilima kidogo tu, labda damu imepungua kwa malaria au kwa kuzaa. Njoo tukupime. Ukisikia uzito sehemu za chini kama kitu kinataka kutoka, au mkojo unatoka wenyewe, acha kinga na utuambie bila haya.

Na mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma kwenye kigimbi, ukawa wa moto, usiukande. Najua mama mkwe ataleta mawese na majani kwa upendo. Mwambie kwa heshima, "Mama, mganga amekataza," kwa sababu kukanda kunaweza kukibandua kile kipande cha damu. Usipande kinga, usitembee kwa miguu mpaka huku, wakulete. Kama pumzi inakatika ghafla, au kifua kinachoma, msingoje asubuhi.

Kuvimba kwa uso na mikono pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona giza, ni ugonjwa mwingine, wa pressure ya damu. Unaweza kuja katika mimba au hata siku za kwanza baada ya kuzaa, na kuzungusha pedali hakuusaidii. Njoo siku ile ile, hata kama si siku ya kliniki.