Mkoko Kualika Maua: Safari ya Mtumbwi Mikokoni kama Somo la Msamiati

Utangulizi

Msemo "huu ni mwanzo wa mkoko kualika maua" hutumika sana katika insha zetu. Mwanafunzi huelezwa kuwa maana yake ni "hiki ni kitangulizi tu, makubwa yaja", akauhifadhi, akaendelea na mengine. Ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuuona mkoko wenyewe, sembuse ua lake. Makala haya yanashikilia kwamba safari ya saa chache ndani ya mtumbwi, tukiongozwa na mwenyeji, ni darasa la msamiati lisiloweza kufidiwa na kamusi peke yake. Mfano wetu ni hori ya Mida, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, ambako wenyeji huwatembeza wageni kwa vyombo vidogo.

Lugha ya maji

Safari ya mikokoni hupangwa kwa kufuata maji, si saa ya ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya kina ikizidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana. Anayetaka kupenya vijia vyembamba baina ya miti huingia maji yakijaa. Akichelewa, chombo hukwama topeni.

Tuzingatie kitenzi "kupwa". Mwanafunzi wa bara huelekea kusema "maji yamepungua". Hata hivyo, kupungua hakutuambii iwapo kilichopungua kitarudi, ilhali kupwa ni nusu ya mwendo ambao nusu yake ya pili ni kujaa. Hali kadhalika, neno "hori" lina maana zaidi ya moja. Mfugaji hulitumia kwa chombo cha kulishia ng'ombe, na mkazi wa pwani kwa mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Nalo "upondo" ni mti mrefu wa kusukumia chombo penye maji machache, tofauti na kafi, ambalo hupigwa majini.

Majina ya miti

Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko. Katika mazungumzo ya kawaida yote huitwa mikoko, lakini kwa wanaoifahamu, mkoko hasa ni mmoja: ule ambao mizizi yake hutoka shinani na kujipinda kama matao hadi topeni. Mlilana mara nyingi husimama upande wa bahari, na mbao zake hutumiwa na mafundi kuundia mataruma ya vyombo. Mchu hutoa mizizi inayochomoza topeni kama penseli ili ipate hewa. Majani yake hutoa chumvi ambayo mtu aweza kuionja kwa ulimi. Mkandaa ulijulikana kwa magome yake, yaliyotumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Aidha, kuna msindi na mkomafi. Kwa hiyo, "mkoko" ni jina la jamii na papo hapo ni jina la mwanajamii mmoja. Huu ni mfano mzuri wa uhusiano wa kihiponimia, nao unaelea mbele ya macho yetu.

Kurudi kwenye msemo

Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka kama fimbo ya kijani, kisha ikaanguka majini au topeni ikiwa mche tayari. Tangu ua hadi mche kukomaa hupita zaidi ya mwaka mmoja. Hapa ndipo msemo wetu unapopata uzito. Anayeuona mkoko ukialika, yaani ukipasua vitumba vyake, anajua kuwa bado kuna safari ndefu. Msemo huu haukubuniwa kwa ajili ya mapambo. Umejengwa juu ya utazamaji.

Kilicho hatarini

Biashara ya miti hii ilizaa istilahi kulingana na unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Urefu wa boriti uliamua hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku uuzaji wa boriti nje ya nchi, na siku hizi saruji na chuma vimechukua nafasi yake katika majengo mengi. Uhifadhi huo wa miti ni wa haki. Hata hivyo, neno lisilo na kazi husahaulika. Matembezi ya mikokoni yanaweza kuyapa maneno haya kazi mpya, mradi maelezo yasitolewe kwa Kiingereza na Kiitaliano pekee. Iwapo mwanafunzi wa Kiswahili atapanda mtumbwi na kuuliza kwa Kiingereza, amlaumu nani msamiati ukipotea?

Hitimisho

Tumeona kuwa maji, miti na vyombo vina lugha yake, na kwamba lugha hiyo imo vinywani mwa watu walio hai. Vyama vyetu vinapopanga ziara za pwani, visiishie kwenye majumba ya kale; viingie mikokoni pia, daftari mkononi.

Mazoezi

1. Tofautisha: kupwa na kupungua, bamvua na maji mafu, upondo na kafi.
2. Muulize mwenyeji, "Mti huu mnauitaje?" badala ya "Huu ni mkoko?" Eleza kwa nini swali la kwanza huzaa data bora.
3. Kusanya misemo mitano ya Kiswahili itokanayo na bahari, kisha utafute jambo halisi lililozaa kila mmoja.