Hatari ya Kutegemea Chanzo Kimoja cha Mapato

Mtahiniwa, ukiulizwa hatari ya mji kutegemea kambi ya jeshi, tumia mfano wa Nanyuki, Kenya. Wanajeshi wa Uingereza wakija mazoezini, wenye hoteli, teksi na maduka hupata wateja. Wakiondoka, mauzo hushuka. Ratiba yao hupangwa na serikali, si wafanyabiashara wa Nanyuki.

Suluhisho ni kupanua vyanzo vya mapato: utalii wa Mlima Kenya, ufugaji, kilimo cha maua na mboga.

Hoja hiyo inahusu hata mazao. Mkulima wa Malangali, Sumbawanga, akitegemea mahindi pekee, bei ikishuka huumia. Aongeze alizeti, maharage na ng'ombe.

Usiorodheshe tu, eleza chanzo kipi kitambeba kingine kikikatika.